Nawafariji wafiwa na mimi mwenyewe bado nalia: niache huduma?

Swali: Mume wangu alifariki miezi 14 iliyopita. Kanisani nimo katika kikundi kinachowatembelea wafiwa, na mwezi wa tano baada ya mazishi nilirudi kwenye huduma hiyo. Watu husema maombi yangu huwainua. Lakini nikifika nyumbani usingizi hauji, na ukija naamka saa tisa usiku nikiwaza mpaka kunakucha. Mwezi uliopita nilikaa na mjane aliyefiwa wiki sita tu. Alipoanza kueleza jinsi alivyopigiwa simu ya msiba, nikajikuta namsimulia yangu, karibu nusu saa, nikalia, na yeye ndiye aliyenishika mkono akanibembeleza. Naona aibu hata kumpigia. Je, huu si unafiki? Niache huduma mpaka nipone? Na mbona nikiwaombea wengine wanapata amani, mimi siipati?

Jibu: Pole sana, dada yangu. Umeuliza mambo matatu kwa pumzi moja na kila moja lina jibu lake.

La unafiki ndilo jepesi. Neno la Kigiriki lililotafsiriwa "mnafiki" katika Injili lilikuwa jina la mwigizaji wa jukwaani, mtu anayevaa sura isiyo yake. Wewe ulilia mbele ya mtu. Hilo lina kasoro zake, tutazifikia, lakini uigizaji halikuwa. Tena soma upya 2 Wakorintho 1:4, ile aya inayosomwa sana katika vikundi kama chenu. Paulo anasema tunawafariji walio katika dhiki "kwa faraja hizo, tunazofarijiwa na Mungu". Angalia kitenzi: tunazofarijiwa, si tulizokwisha kufarijiwa. Faraja ya mfariji bado inaendelea kuingia. Kwa hiyo anayesema usiguse huduma mpaka uwe umepona kabisa anadai kitu ambacho aya yenyewe haidai, na kwa kipimo hicho Paulo naye angekaa nyumbani.

Ila aya hiyohiyo ina sharti ambalo wengi hulipita. Faraja inayotoka ni ile iliyoingia. Kama hakuna mahali inapoingia, mtu anatoa kutoka kwenye akiba, na akiba ya mjane wa miezi mitano ni ndogo. Swali la kujiuliza, basi, liwe hili: maumivu yangu yanahudumiwa wapi, na nani, siku gani? Kwa barua yako, jibu la sasa ni kwamba hayahudumiwi popote. Ndiyo maana yalipopata kiti cha kwanza kilichokuwa wazi, yalikaa. Bahati mbaya kiti kile kilikuwa cha mfiwa.

Wagalatia 6 inalitaja jambo hili vizuri, na tafsiri ya Biblia ya Kiswahili iitwayo Union Version imelinda tofauti iliyomo. Mstari wa 2 unasema "Mchukuliane mizigo." Mstari wa 5 unasema kila mtu "atalichukua furushi lake mwenyewe." Si kujipinga. Kigiriki kina maneno mawili pia: la kwanza ni uzito unaomwelemea mtu, la pili ni shehena ya kawaida ya msafiri. Wiki sita baada ya msiba, yule mjane yuko kwenye mzigo. Hawezi hata kubeba wake. Ulipomsimulia yako kwa nusu saa ulimwongezea furushi juu ya mzigo. Hukukusudia, na hajafa kwa hilo, lakini ni vyema ujue kilichotokea, maana kitatokea tena usipojua kinavyoanza.

Kinaanza mwilini kabla ya kufika mdomoni. Mtu anataja kitu kinachofanana mno na chako (hapa ni simu) na picha yako inakuja mbele ya yake. Taya hukaza, pumzi hupanda juu kifuani, unaacha kusikia maneno yake ya kati. Ukitaka dalili moja ya kuaminika, ishike hii: unajua alichosema mwanzo, unajua anachosema sasa, lakini dakika mbili za katikati hazipo. Ulikuwa kwako. Hapo ndipo pa kukamata, kabla ya sentensi inayoanza na "Hata mimi..."

Kukamata kwenyewe ni kazi isiyofika dakika moja. Bonyeza nyayo zote mbili sakafuni mpaka uhisi visigino. Toa pumzi polepole kwa hesabu ya sita, vuta kwa hesabu ya nne, mara tatu. Kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta, kwa sababu pumzi ndefu ya kutoka ndiyo inayoteremsha mapigo ya moyo. Tazama mikono yako, siyo macho yake. Kisha moyoni sema neno moja la kutenganisha: "Hii yangu, nitairudia jioni." Halafu mrudishie yeye mazungumzo kwa swali fupi juu ya jambo la mwisho ulilolisikia kweli: "Umesema simu ilikatika. Ikawaje?" Kama machozi yamekwisha kushuka, usiyafiche. Yesu alilia akielekea kaburini kwa Lazaro na hakuna aliyeona amewapokonya Mariamu na Martha msiba wao. Kipimo ni kwamba machozi yako yasimlazimishe mfiwa aanze kukuhudumia. Akinyoosha mkono kukubembeleza, pokea, sema "Asante, niko sawa, endelea," na uendelee kweli.

Kuna kosa la upande wa pili ambalo halionekani kama kosa, na wahudumu wenye vidonda hulifanya kuliko hili lako. Kilio cha mwenzako kinapogusa chako, njia ya haraka ya kujinusuru ni kukizima. Na chombo kilicho karibu ni aya ya Biblia. "Mungu ana makusudi." "Yuko mahali pazuri." "Tuombe." Aya inayotolewa dakika ya nne ya mazungumzo mara nyingi ni ya kumnyamazisha msemaji ili msikilizaji asiumie. Mfiwa hulijua hilo bila kuambiwa. Anafunga mdomo, anasema amina, na ziara ijayo anakuambia anaendelea vizuri. Rafiki za Ayubu walikaa naye chini siku 7 mchana na usiku bila kumwambia neno, na hiyo ndiyo sehemu waliyoifanya vizuri. Waliharibu walipofungua vinywa. Mwachie mfiwa robo tatu ya saa nzima iwe yake kusema, na maombi yaje mwisho, yakitumia maneno aliyoyatumia yeye.

Je, usimwambie mtu kamwe kwamba nawe ni mjane? Mwambie. Kuficha nako ni mzigo, na watu watajua tu. Ila tofautisha kidonda na kovu. Jeraha likiwa kovu unaweza kulionyesha na kulifunika tena. Likiwa kidonda, ukilifunua halifungiki kwa urahisi. Namna ya kujua ni kujipima nyumbani, kwa sauti, ukiwa na saa. Je, unaweza kulisimulia kwa dakika mbili na kuishia pale ulipopanga? Ukikatizwa katikati, unaweza kuliacha bila kuumia? Baada ya kulisimulia, unahitaji msikilizaji afanye kitu fulani: alie, akusifu, akubali kwamba lako lilikuwa zito zaidi? Ukigonga mwamba kwenye moja ya haya, sehemu hiyo ya habari bado ni kidonda. Inawezekana sehemu nyingine zimekwisha kuwa makovu. Pengine unaweza kuongelea upweke wa jioni bila shida, ila ile simu huiwezi. Basi simu isitajwe kwenye huduma kwa sasa.

Kwa utambulisho, sentensi tatu au nne zinatosha: "Mimi pia nilifiwa na mume. Njia yangu haiwezi kuwa sawa na yako. Ukitaka kuniuliza lolote kuhusu hilo, uliza siku yoyote. Leo nimekuja kukusikiliza wewe." Sentensi ya pili usiiache hata ukiwa na haraka. Bila hiyo mfiwa huanza kujilinganisha: mbona mwenzangu miezi mitano alikuwa amerudi kanisani kuhudumu, mimi hata kuoga siwezi.

Sasa, uache? Hapana, usiache kabisa, lakini usiendelee hivi pia. Mtu aliyezoea kutumika akiondolewa kila kitu hubaki na nyumba tupu na zile saa tisa za usiku, na nadra sana hupona kwa hilo. Kinachofaa ni kupunguza kwa muda uliotajwa. Chukua wiki nane. Katika wiki hizo usipewe mjane wala mgane yeyote, hata mmoja, hata akikuomba kwa jina. Hudumu kwa misiba isiyofanana na wako, kwa mfano mtu aliyefiwa na mzazi mzee, au kwa kazi ya kikundi isiyo ya kukaa na mtu: kupanga zamu, kuandaa chakula, kupiga simu za kukumbusha. Ziara nzito isizidi moja kwa wiki, na isidumu zaidi ya saa moja. Kati ya mlango wa mfiwa na mlango wako weka dakika 15 za kutembea kwa miguu au kukaa mahali bila simu; ukiingia nyumbani moja kwa moja unaingia naye. Na wiki ya kumbukumbu ya kifo cha mume wako, na ile ya siku yake ya kuzaliwa, usihudumu kabisa. Ziandike kwenye kalenda ya kikundi mapema, ili siku hiyo usianze kujieleza.

Wale unaowaacha usiwatoroke. Mfiwa amekwisha kuachwa mara moja. Mwambie kabla: "Kwa miezi miwili fulani atakutembelea badala yangu; tutakuja wote mara ya kwanza." Mkabidhi ana kwa ana. Habari zake za siri usizipeleke kwa huyo mpya bila ruhusa yake.

Kwa mchungaji usiende na maelezo marefu. Mwambie unachoomba: "Nahitaji wiki nane bila wajane, na mtu wa kunisikiliza mara moja kila wiki mbili." Viongozi wengi huitikia upesi ombi lenye umbo kuliko kilio kisicho na ombi. Akikujibu kwamba mtumishi hachoki, mkumbushe kwa upole Kutoka 18, ambapo Yethro alimtazama mkwewe Musa akihukumu watu tangu asubuhi hata jioni akamwambia "Jambo hilo ufanyalo si jema. Hakika yako utadhoofika, wewe na watu hawa." Wewe na watu hawa. Uchovu wa mhudumu hauishii kwake.

Huyo mtu wa kukusikiliza ndiye kiungo kinachokosekana, kwa hiyo mchague vizuri. Asiwe mwanakikundi, maana utamhurumia. Asiwe mtoto wako. Awe mtu anayeweza kusikia "leo simtaki Mungu" bila kuruka kukemea. Mshauri nasaha aliyefunzwa akipatikana, ni bora zaidi. Saa moja, na iwe na njia: wiki hizi nini kilinigusa kuliko kawaida, wapi nilifanya haraka au nilikwepa, nimelala vipi na nimekula vipi, nini nimlilie Mungu ambacho sijakisema. Majina ya wafiwa hayatajwi humo. Ili uwe na cha kuleta, jioni baada ya kila ziara kunja karatasi katikati. Upande mmoja andika "chake", upande wa pili "changu". Mistari mitatu kila upande, si zaidi. "Chake: anaogopa kulala chumba kile. Changu: ile simu." Wiki za kwanza utakuta upande wako umejaa na wake una maneno mawili. Ukianza kujaa upande wake, unarudi kuwa msikilizaji. Karatasi ichome au ichane baada ya kikao.

Kama unaona haya kuhitaji mtu wa namna hiyo, angalia Gethsemane. "Roho yangu ina huzuni nyingi kiasi cha kufa, kaeni hapa, mkeshe pamoja nami." Bwana mwenyewe aliomba watu wakeshe naye, akawachagua watatu tu kati ya wanafunzi wake. Na Mathayo 14 inaonyesha upande mwingine: aliposikia Yohana Mbatizaji amekatwa kichwa alipanda chomboni aende mahali pasipo watu, makutano wakamfuata, akawahurumia, akawaponya, akawalisha. Wahubiri huishia hapo. Lakini mstari wa 23 unasema akiisha kuwaaga aliupanda mlima faragha, jioni alikuwa huko peke yake. Faragha ile aliyonyimwa mwanzoni aliirudia usiku uleule. Hakuiacha ipotee kwa sababu huduma ilikwenda vizuri.

Usingizi wako sasa. Hili usiliweke kwenye maombi peke yake. Elia aliyeomba afe chini ya mti wa mretemu, kabla ya kuambiwa neno lolote la kazi yake alilazwa, akaamshwa ale mkate na anywe maji, akalala tena, akaamshwa ale tena. Mwili ulitangulia. Kama kuamka saa tisa kumezidi wiki mbili, karibu kila siku, pamoja na kukosa hamu ya mambo uliyoyapenda, kukosa hamu ya kula, uchovu usioisha au kujiona hufai, hiyo yaweza kuwa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, na inatibika. Nenda kwa daktari umweleze hivyohivyo, na idadi ya wiki. Kuna pia huzuni ya kufiwa iliyorefuka, ambayo Shirika la Afya Duniani limeiweka katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika 2022: hamu kali ya marehemu inayodumu zaidi ya miezi sita, kupita kiasi cha desturi ya watu wako, na inayomzuia mtu kuishi shughuli zake. Kulia mwezi wa 14 peke yake sio huko. Kushindwa kuendesha siku kwa sababu ya kulia, mwezi wa 14, kunastahili kuchunguzwa.

Na likija wazo la kwamba ni afadhali usiwepo, siku hiyohiyo mwambie mtu aliye karibu na ufike hospitali. Usisubiri kikao cha wiki ijayo. Uulize vilevile kwa unaowahudumia, kwa maneno ya wazi: "Umewahi kuwaza kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo, humpa mlango. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, na siri hiyo si ya kutunza.

Limebaki la amani ya wengine. Hapa wengi watakuambia imani yako ina mahali panapovuja. Usiwasikilize. Paulo, ambaye leso zilizotoka mwilini mwake ziliwaponya wagonjwa wa Efeso, alimwacha mwenzake Trofimo katika mji wa Mileto akiwa mgonjwa, na teso lake mwenyewe, aliloliita mwiba katika mwili, aliliombea mara tatu likabaki. Charles Spurgeon, mhubiri wa London, alikuwa na miaka 22 tu Oktoba 1856 watu saba walipokufa katika msongamano ibadani mwake baada ya kelele za uongo za moto, na giza la moyo lilimrudia maisha yake yote. Watu walifarijika chini ya mahubiri yake wakati yeye akiugua. Lakini alilisema hadharani, na kwa miaka mingi alikwenda Menton, Ufaransa, kupumzika wakati wa baridi, hakujifanya chuma.

Tena kuna sababu ya kawaida kabisa. Unapomwombea mwenzako unataja jambo lenyewe: jina la marehemu, chumba, deni, watoto. Unapojiombea, yamkini unaomba "nguvu ya kuendelea kukutumikia". Hiyo ni sala ya kazi. Mjane hajaombewa bado. Jiombee kama unavyomwombea mfiwa aliyekaa mbele yako: taja jina la mume wako, taja ile simu, taja saa tisa. Ukikosa maneno, soma Zaburi 88 kwa sauti. Inaishia gizani, bila aya ya kushukuru mwishoni, na wazee wa Israeli waliiacha hivyo kwenye kitabu cha sala.

Mwisho, yule mjane. Usimkimbie, ukimya wako ataufasiri kwamba alikuchosha. Mpigie wiki hii, dakika tano, usiombe msamaha mara kumi kwa sababu atalazimika kukubembeleza tena. Sema: "Siku ile nilichukua muda wako kwa habari zangu. Samahani. Nimepata mtu wa kunisikiliza. Wewe ulikuwa umefika pale simu ilipopigwa. Kama utapenda kuendelea, Jumamosi nitakuja na mwenzangu, naye ndiye atakayekusikiliza kwa miezi miwili hii. Kama hupendi, ni sawa pia." Halafu nyamaza, hata kimya kikirefuka, mpaka aseme yeye.